Hati Mbili za Msumari Mmoja

Ofisini kwangu kila karatasi huhesabiwa kabla ya kusomwa. Nahesabu kurasa, sahihi, mihuri na maneno yaliyokatwa. Hesabu hiyo naiandika kwenye stakabadhi. Mteja anatia sahihi yake, nami natia yangu, kisha naanza kusoma. Wapo wanaosema huo ni ukaidi. Mimi ni mtafsiri mwenye leseni wa Kiswahili na Kiingereza. Muhuri wangu ukigongwa mahali, nimeapa kwamba hakuna kilichoachwa.

Jumanne moja ya baridi, mwezi wa nane, kaka Urbanus aliniletea mteja. Urbanus ni Mtanzania mwenzangu na mwenyekiti wa chama chetu cha Watanzania wa magharibi ya Sydney. Tena ndiye aliyekuwa akipanga ratiba ya wakalimani katika shirika moja la kupokea wakimbizi hapa Fairfield. Siku tatu kila wiki niliwafanyia ukalimani Wakongo na Warundi hospitalini na kwenye ofisi za serikali, kwa sababu Urbanus aliandika jina langu kwenye ratiba. Alipofuta jina la mtu, halikurudi.

"Dada Stephania," alisema akivuta kiti, "leo nimekuletea kazi ya heshima. Vyeti vya kuzaliwa viweke kando."

"Vyeti vya kuzaliwa vina heshima, kaka."

"Vina heshima, havina historia. Huyu ni Bwana Langridge. Anauza vitu vya kale huko mjini."

Langridge alikuwa mzee mrefu mwenye skafu ya sufu. Aliweka sanduku dogo mezani na kulifungua. Ndani ya sponji jeusi kililala kitu cha udongo, kirefu kama kiganja changu, rangi ya biskuti iliyokaa jikoni dakika moja zaidi. Kilikuwa na kichwa kipana kama cha uyoga na ncha iliyochongoka. Shina lake lote lilizungukwa na alama ndogo za kabari, zilizopangwa katika vyumba vilivyotengwa kwa mistari. Katika baadhi ya alama palikuwa na unga mweupe.

"Ni msumari wa Wasumeri, watu wa kale wa Iraki," alisema Langridge kwa Kiingereza. "Una miaka zaidi ya elfu nne. Lakini wewe sikuhitaji kwa msumari. Nakuhitaji kwa barua."

Kwenye meza ya pili, vidole vya Bi Ibtisam viliacha kuchapa. Bi Ibtisam na mimi tunagawana chumba hiki, juu ya duka la mikate, ng'ambo ya stesheni. Mimi natafsiri Kiswahili, yeye Kiarabu. Kabla ya kuja Australia alifundisha historia katika shule ya wasichana huko Nasiriya, kusini ya Iraki. Alitazama sanduku, akaondoa miwani, akaivaa tena.

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya kahawia. Ilisema hivi:

"Dar es Salaam, tarehe 14 Machi 1962. Kwa Bwana Pym. Salamu nyingi. Mimi Athumani Mbwana, mpishi wako, nakupa kwa hiari yangu msumari mmoja wa udongo wenye maandishi ya kale. Niliachiwa na baharia wa Basra niliyemuuguza nyumbani kwangu. Nenda nao salama kwenu Australia, uwe ukumbusho."

Langridge alinieleza sababu ya haraka yake. Nyumba ya mnada haikubali kuuza kitu cha Iraki bila ushahidi kwamba kilitoka kule zamani, kabla ya vita na kabla ya wezi wa makaburi na mahekalu. Barua hii ndiyo ilikuwa ushahidi. Na kwa kuwa nyumba ile iliwahi kuletewa tafsiri zilizochezewa, ilitaka tafsiri itoke kwangu moja kwa moja, kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa.

Nilihesabu kwa sauti. "Ukurasa mmoja. Sahihi moja. Muhuri mmoja wa mviringo, wa zambarau, chini upande wa kulia." Niliandika pia kwamba nyaraka zote nitakazopewa kuhusu msumari huu, na Langridge au na mwakilishi wake Urbanus, zitatafsiriwa na kutumwa kwenye nyumba ya mnada. Langridge alitia sahihi. Urbanus alikuwa akisoma simu yake.

Walipoondoka nilichukua kioo cha kukuzia maandishi na kuusoma muhuri. Ulisema: Serikali ya Mtaa wa Mikoroshini, Manispaa ya Temeke.

Nikaweka kioo chini.

Nilikuwa darasa la tano Temeke ilipofanywa manispaa. Ilikuwa mwaka 2000. Walimu walitupanga kando ya barabara tupige makofi, na mvua ikatunyeshea. Mwaka 1962 hapakuwa na Manispaa ya Temeke, wala mwenyekiti wa mtaa mwenye muhuri mfukoni.

Nilielewa mara moja jinsi kosa lilivyotokea. Mtu wa Dar es Salaam ya siku hizi hafungui akaunti ya benki, hamdhamini ndugu yake polisi, haombi kitambulisho, bila barua yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Amekaa kwenye benchi la mwenyekiti mara nyingi mno. Kwake barua isiyo na muhuri huo ni porojo. Mzungu angeighushi barua hii bila kuukumbuka muhuri. Mkenya asingeujua. Aliyeiandika alikuwa Mtanzania wa mjini, mtu makini, aliyetaka barua yake itimie. Na Mtanzania aliyeileta alikuwa mmoja tu.

"Unajua kile ni nini?" aliuliza Bi Ibtisam nyuma yangu.

"Msumari wa udongo."

"Hapana. Hiyo ni sura yake. Kile ni tamko." Alivuta kiti chake hadi mezani kwangu. Tunazungumza Kiingereza, kila mmoja kwa lafudhi ya kwao. "Mimi maandishi yale ya kabari siyasomi. Lakini umbo lile nimelifundisha miaka kumi na tisa. Gudea, mtawala wa Lagashi, mji wa kale karibu na Nasiriya, alimjengea mungu wake Ningirsu nyumba. Akaandika jambo hilo kwenye misumari kwa maelfu. Kwanza jina la mungu. Kisha jina la mjenzi. Kisha kwamba nyumba imejengwa na kurudishwa mahali pake. Ndivyo walivyoandika, watawala wengi, kizazi baada ya kizazi."

"Wakaitundika wapi?"

"Hawakuitundika. Waliichomeka ndani ya ukuta, wakapaka udongo juu yake. Hakuna aliyeiona."

"Sasa waliandika kwa ajili ya nani?"

"Ya mungu. Na ya mjenzi atakayekuja. Kwetu kuta ni za tope, Stephania. Mvua na chumvi huziangusha. Mjenzi mpya akizibomoa ili ajenge tena, anakuta jina la mwenzake, na anajua nyumba ni ya nani." Alisita. "Mwaka 2003, ule wa vita, mjomba wangu alikuwa na shamba karibu na vilima vya magofu yake. Watu walikuja na malori na majembe. Walichimba hadi ardhi ikawa kama chujio. Ule unga mweupe ni chumvi. Msumari uliofutwa vumbi sebuleni kwa mtu miaka sitini hauna unga ule."

"Hilo sina uhakika nalo."

"Mimi ninao. Wapigie simu watu wa mnada."

"Siwezi. Karatasi ya mteja ni siri ya mteja."

"Hata karatasi ya uongo?"

"Kanuni haisemi 'isipokuwa ya uongo'."

Aliniangalia kama alivyowaangalia, nadhani, wasichana waliosahau kazi ya nyumbani. "Niambie, kanuni zako zina meno, au zina ufizi tu?"

Nilikuwa sijui.

Jumatano asubuhi nilifanya jambo ambalo ningelifanya kwa hati yoyote. Sehemu ya chini ya muhuri ilikuwa imefifia, nami siruhusiwi kukisia. Nilimpigia simu mwakilishi wa mteja.

"Kaka Urbanus, nina swali la kikazi. Chini ya Manispaa ya Temeke kuna neno limefutika. Ni Mwenyekiti au ni Mtendaji?"

Nilisikia treni ikipita kwake.

"Muhuri gani?" aliuliza.

"Wa serikali ya mtaa. Ule wa zambarau."

"Aah," alisema. Halafu akasema tena, kwa sauti ya chini zaidi, "Aah." Nilimsikia akifanya hesabu ya miaka. "Sikiliza, mdogo wangu. Muhuri usiuguse. Tafsiri barua."

"Muhuri uko kwenye barua."

"Muhuri ni pambo. Nani anatafsiri pambo?"

"Mimi."

"Stephania, wewe una roho ya karani wa mahakama."

"Ahsante, kaka."

"Sikukusifu!"

Alikata simu.

Mchana ule nilipanda treni kwenda Liverpool, kitongoji cha hapahapa Sydney, hospitalini, kwa kazi aliyonipangia yeye mwenyewe wiki moja kabla. Mgonjwa alikuwa mama wa Kirundi aitwaye Verdiane, mwenye uvimbe tumboni. Mpwa wake alinivuta pembeni kabla daktari hajaingia. Aliniomba nisimwambie shangazi yake neno baya daktari akilitamka. Nilimwambia kwamba daktari akisema, nitasema. Daktari alilitamka. Nami nililitamka, kwa Kiswahili chepesi, nikimwangalia Verdiane usoni. Alinishika mkono.

"Umesema yote?"

"Yote, mama."

"Basi sawa. Sasa najua nasimama wapi."

Nilirudi Fairfield nikifikiria mkono ule. Wagonjwa kama yeye nitawakosa, nilijiambia, na wao watanikosa, jina langu likitoka kwenye ratiba. Nilifikiri pia kwamba kama naweza kuacha muhuri mmoja leo kwa sababu mtu ameniomba, basi kesho sitakuwa na haki ya kumwambia mtu yeyote neno "yote".

Alhamisi Urbanus alikuja peke yake. Alibeba mfuko wa plastiki, na ndani yake mlikuwa na karatasi ya kahawia.

"Ile ya kwanza ilikuwa nakala," alisema. "Hii ndiyo barua ya asili. Imeonekana."

"Imeonekana wapi?"

"Imeonekana tu, Stephania. Vitu huonekana."

Niliitoa. Tarehe ilikuwa ileile, maneno yaleyale, mwandiko uleule. Muhuri haukuwapo. Karatasi ilinukia majani ya chai, na pembe moja ilikuwa bado na unyevu.

Bi Ibtisam alipita nyuma yetu akienda kuchota maji. Alivuta hewa puani. "Nani anapika chai?" aliuliza kwa Kiingereza.

Urbanus alimtazama, kisha akageukia Kiswahili kabisa. "Mwambie huyu mama ashughulike na ya kwao."

"Nadhani ndiyo anayoshughulika nayo."

"Usinifanyie mzaha." Aliinama juu ya meza. Uso wake ulikuwa umechoka, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma. "Mimi na wewe tuko mbali na kwetu. Tunabebana. Ulipofika hapa na begi moja, nani alikuingiza kwenye rosta?"

"Wewe."

"Nani alikutafutia chumba?"

"Wewe, kaka. Sijasahau."

"Sasa mimi nakuomba jambo dogo. Kipande cha udongo! Watu waliokitengeneza walikufa kabla ya manabii. Hakuna anayelia."

Nilitazama meza ya pili. Bi Ibtisam alikuwa ameshika glasi ya maji na hakuwa akinywa. Haelewi Kiswahili. Lakini alikuwa ameelewa.

"Bwana Langridge anajua kuhusu barua hii ya pili?" niliuliza.

"Langridge hahitaji kusumbuliwa."

Basi nilijua kwamba alimwogopa Langridge kuliko alivyonitegemea mimi. Asingemwambia kwamba ya kwanza ilikuwa na kasoro, kwa sababu ingembidi aeleze kasoro yenyewe. Na bila Langridge hakuna aliyeweza kuniondolea hati ya kwanza mikononi.

Nilichukua kitabu cha stakabadhi. "Ukurasa mmoja," nilisema. "Sahihi moja. Mihuri, hakuna. Imepokelewa Alhamisi, saa tano na dakika ishirini asubuhi, kutoka kwa mwakilishi wa mteja." Nikamgeuzia kitabu.

Alitia sahihi kwa haraka ya mtu anayekimbia mvua. "Sasa tumeelewana. Utatafsiri hii."

"Nitatafsiri kila nilichopewa, kaka Urbanus."

Nilimwambia hivyo waziwazi, nikimtazama machoni. Alisikia alichotaka kusikia. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Jumatatu natoa rosta mpya," alisema. "Nisingependa kuandika jina la mtu mwingine."

Ijumaa nilianza kazi saa moja asubuhi. Nilitafsiri hati ya kwanza neno kwa neno. Mwisho wake niliandika maneno yote ya muhuri, rangi yake, mahali ulipo, na kwamba sehemu moja haisomeki. Kisha nilitafsiri hati ya pili. Juu ya zote mbili niliweka barua fupi. Niliandika kwamba nilipewa hati mbili. Nilitaja siku na saa ya kupokea kila moja, na nani aliyeileta. Niliandika kwamba maneno ya hati zote mbili ni yaleyale, na kwamba ya kwanza ina muhuri mmoja na ya pili haina. Sikuandika neno "ghushi". Sikuandika neno "shaka". Nilisoma upya mara tatu nikitafuta neno lolote la ziada, na sikuliona.

Kisha nikagonga muhuri wangu kwenye kila ukurasa. Niliugonga kwa nguvu kuliko kawaida, nakiri.

Bi Ibtisam alikuja kusimama begani kwangu, nami nikafunika kurasa kwa mkono.

"Siri," nilisema.

"Najua siri. Nataka kuona ni kurasa ngapi tu."

Alizihesabu kwa pembe ya jicho. Alitarajia jozi moja ya barua na tafsiri yake, akaona mbili. Alikaa chini polepole, akaanza kucheka bila sauti, hadi akalazimika kufuta miwani kwa ncha ya kitambaa chake.

Nilituma saa tano.

Saa nane mtafiti wa nyumba ya mnada alinipigia simu. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya utaratibu. Nilimpenda papo hapo.

"Ipi kati ya hizi mbili ndiyo ya kweli?" aliuliza.

"Mimi ni mtafsiri. Ninathibitisha kilichoandikwa."

"Naelewa. Basi nikuulize jambo la tafsiri. Hii Manispaa ya Temeke ni nini?"

"Ni mamlaka ya mji. Sehemu ya Dar es Salaam."

"Na ilianzishwa lini?"

Swali hilo halikuwa la barua wala la mteja. Mtoto yeyote wa Temeke angelijibu.

"Hilo si siri ya mtu," nilisema. "Liko kwenye kumbukumbu za serikali ya Tanzania, na mtu yeyote anaweza kulitafuta. Ningekushauri ulitafute. Ningekushauri ulitafute leo."

"Ahsante," alisema. Nilisikia kalamu yake ikiandika.

Baada ya saa moja alipiga Langridge. Alisema mambo mengi kuhusu uaminifu. Nilimwachia aseme, kisha nikamsomea masharti ya stakabadhi yenye sahihi yake, na ile ya pili yenye sahihi ya mwakilishi wake. Nilipofika kwenye ya pili aliuliza, "Alhamisi? Alhamisi ipi?" Nikajua kwamba simu yake inayofuata haitakuwa kwangu.

Wiki iliyofuata msumari uliondolewa mnadani. Bi Ibtisam alifungua orodha kwenye kompyuta yake na kuniita. Namba yake ilikuwa imerukwa. Baada ya bakuli la Kirumi ikafuata shanga. Mahali msumari ulipo sasa sijui. Watu wa ubalozi wa Iraki walimpigia Bi Ibtisam, wakimjua kama mwalimu wa historia wa huko, kuuliza kama angetoa maelezo kuhusu vilima vya Nasiriya, akawapa mchana mzima. Mimi hakuna aliyeniuliza. Ratiba mpya ilitoka Jumatatu ileile. Jina langu halikuwamo. Verdiane alipelekewa mkalimani wa simu.

Jumapili ya pili chama kilikutana katika ukumbi wa kanisa, Cabramatta. Nilikuwa nimesikia maneno yanayozunguka. Dada mmoja sokoni aligeuza uso nilipomsalimia. Mwingine alinitumia ujumbe: afadhali usije. Nikaenda mapema na kuketi mstari wa mbele.

Tulikuwa watu kama arobaini. Urbanus alikaa meza kuu katika koti lake la kijivu. Kando yake alikuwa Erasmus, katibu, kijana wa uhasibu anayeandika kumbukumbu za mikutano kana kwamba zitasomwa mahakamani. Sala ilisaliwa. Kumbukumbu za mkutano uliopita zilipitishwa. Tukafika ajenda ya tatu, nidhamu ya wanachama.

"Ndugu zangu," alianza Urbanus, "nasema kwa uchungu. Kuna mwenzetu amemchoma ndugu yake kwa Wazungu. Mtu aliyepokelewa, akalishwa, akaonyeshwa njia. Akageuka. Sitamtaja."

Miguno ilipita ukumbini.

"Mtaje," alisema Mama Gift kutoka nyuma. Ni mama wa Mbeya, mpishi wa sherehe zetu zote, na hajawahi kuzungumza kwa sauti ndogo. "Usituachie ugonjwa bila jina, Mwenyekiti. Tutaanza kushukiana hapa."

"Busara inanizuia, Mama Gift."

Nilisimama. "Ni mimi."

Nilimgeukia Urbanus.

"Mwenyekiti, umesema nimemchoma ndugu. Waambie wajumbe nilifanya nini."

"Unajua ulichofanya."

"Najua. Wao hawajui. Mimi nimefungwa na siri ya kazi, siwezi kuwaambia hata wakinipiga. Wewe hukufungwa na chochote. Sema wewe. Anza Jumanne ile, na ukifika Alhamisi usiruke."

Alifungua mdomo. Nilimwona akilitafuta neno la kwanza na kuligeuza huku na huku. Kila alilolishika lilikuwa na barua nyuma yake.

"Mwenyekiti," alisema Erasmus kwa upole, kalamu hewani, "kosa niandike ni lipi?"

"Andika utovu wa nidhamu."

"Wa namna gani?"

"Utovu wa nidhamu tu!"

"Hapa pana nafasi ya maelezo, Mwenyekiti."

Mtu mmoja alicheka. Mama Gift akapaza sauti: "Alikataa kukupikia?" Sasa wakacheka wengi. Urbanus aligonga meza kwa kiganja. Shingo yake ilikuwa imevimba kwenye kola.

"Tunaendelea," alisema. "Ajenda ya nne. Maandalizi ya sherehe za Uhuru."

"Ajenda ya tatu haijafungwa," nilisema.

"Keti, Stephania."

"Sitaketi."

"Nakuamuru uketi!"

"Umeniondoa kwenye ratiba, na hilo uliliweza. Lakini hapa mimi ni mwanachama, na nimeshtakiwa mbele ya watu. Ama unasema kosa langu, ama Erasmus anaandika kwamba uliulizwa na ukakosa jibu. Chagua. Nina Jumapili nzima."

Hakuna aliyecheka tena. Wajumbe walimtazama Urbanus, nao walimtazama kwa namna mpya, kama watu wanaohesabu. Alipekua karatasi zake. Alikunywa maji. Alizipekua tena.

Nilisikia kiti kikisogezwa nyuma. Mama Gift alikuwa amesimama naye, mikono kifuani. Kisha dada yule wa sokoni akasimama. Hakunitazama, lakini alisimama.

Erasmus alishusha kalamu kwenye daftari. "Saa nane na dakika kumi," alisema, akiandika anachosema. "Mwenyekiti aliulizwa kosa la mwanachama."

Akainua kichwa na kusubiri.